Dogo, Kifaransa cha "lazima" ndo kitakutesa huku

Dogo umeuliza kama huku Lyon mtu anaishi na bonjour na merci tu, maana binamu kakwambia kazi ya jikoni haitaki lugha. Haya, nikwambie ukweli. Bonjour utaijua siku ya kwanza. Kinachotesa watu ni vile vitenzi vya kukwambia inabidi, unatakiwa, usithubutu, hivyo ndo vimeshika kibarua chako na makaratasi yako.

Anza na il faut, yaani inabidi. Hii tamu kwa sababu haina mimi wala wewe, ni "il" tu siku zote, unabandika kitenzi basi: il faut payer (inabidi kulipa), il faut attendre (inabidi kusubiri). Mtaani hata hiyo il wanaimeza, utasikia "fo" tu. Ukitaka kumtaja mtu ndo shughuli, il faut que inageuza kitenzi, aller (kwenda) inakuwa que j'aille, faire (kufanya) inakuwa que tu fasses, hapo ni kukariri hakuna ujanja. Devoir, yaani kupaswa, nayo inanyumbulika, je dois, nous devons, na hiyohiyo ndo ya kudaiwa, je te dois vingt euros, na ya kuhisi pia, il doit être malade, atakuwa anaumwa huyo.

Sasa hapa tulia. Il ne faut pas SIO "si lazima". Ni marufuku, usifanye! Si lazima wanasema tu n'es pas obligé. Kuna Mkenya kazini aliambiwa il ne faut pas mélanger zile dawa za kusafishia akajua ni hiari yake, na ile ya klorini ukiichanganya na ya asidi inatoa hewa ya sumu, bahati shefu alimuwahi.

Halafu upole wao ndo mtego. Shefu anasimama mlangoni, "il faudrait sortir les poubelles", ingefaa taka zitolewe, hajataja jina anaangalia zake pembeni. Hiyo ni amri dogo, na anakwambia wewe, ukisubiri utajwe utaitwa mvivu mpaka mkataba uishe. Vous devriez (ingekupasa) ya bosi ni hivyohivyo. Barua za serikali nazo zinaanza na veuillez, yaani tafadhali, kama zinakubembeleza, shuka chini ukaone tarehe ya mwisho.

Na serikali ya huku imekaza. Kwa sheria ya Januari 2024, kuanzia 1 Januari 2026 kibali cha kuishi cha miaka kadhaa kinataka Kifaransa cha ngazi ya A2 (ngazi zinapanda toka A1 mpaka C2), cha miaka 10 B1, uraia B2. Kwa hiyo hiyo ya "ntajifunzia hukohuko" sahau, ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanafika wameshakisoma shuleni, we uanze sifuri baada ya zamu ya usiku, kichwa kitashika nini?

Ada ya darasa hapo Dar ntatuma mimi, nauli tutaongea baadae. We nitumie voice kwanza unasema il faut que j'aille, nisikie hiyo aille unaitamkaje.