Muulize Karani Mstaafu: Nembo ya timu yetu iandikwe mwaka gani?

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Makadara, Nairobi. Mimi ni mweka hazina wa timu ndogo ya mtaa. Tunacheza ligi za chini na jezi tunafua wenyewe. Wazee wanasema timu hii ilianza kama timu ya kiwanda fulani cha Eneo la Viwandani, kiwanda ambacho leo ni maghala ya kukodisha. Sasa tunataka kushona nembo mpya. Mwenyekiti anataka iandikwe "Tangu 1968". Kocha anasema ni 1974, na nusura wakunjane mashati. Marehemu babu yangu alikuwa kipa wa timu hiyo na ameniachia picha moja tu: wachezaji 11, yeye katikati, amevaa glavu kubwa zinazokaribia kiwiko. Nitajuaje nani anasema kweli? Na kiwanda kilijisumbua na mpira kwa nini?
Mjukuu wa Kipa

JIBU: Mjukuu wangu, mwambie fundi wa nembo asubiri kwanza.

Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha vyuma, miaka 19, na jezi za timu zilikuwa chini yangu. Hazikuwa na rafu yake. Zilikaa kati ya ovaroli na gambuti, na kitabuni ziliandikwa hivyo hivyo: ovaroli 40, gambuti jozi 22, jezi 15, soksi jozi 15, mipira 2. Mchezaji akipoteza jezi, bei yake ilikatwa kwenye mshahara kama vile amepoteza nyundo. Ndiyo maana nakwambia, timu ya kiwanda usianze kuitafuta kwenye habari za michezo. Itafute kwenye karatasi za kazi.

Swali lako la mwisho ni jepesi. Meneja alipenda kuona jina la kampuni gazetini, na alipenda zaidi vijana wawe uwanjani Jumapili kuliko wawe kwenye busaa. Wachezaji nao walitaka kazi. Hakuna aliyelipwa kama mchezaji. Mtu alilipwa kama tarishi, karani au mlinzi. Kijana akivuma uwanja wa Kaloleni wikendi, Jumatatu anaitwa ofisi ya ajira. Haulizwi cheti, anaulizwa anapiga kwa mguu gani. Winga wetu aliingia hivyo. Aliandikwa msaidizi wa fundi wa mabomba, na mpaka leo siamini kama aliwahi kushika spana.

Wala hili halikuwa jambo la viwanda vidogo tu. Tusker, timu ya kiwanda cha bia, ilianza 1969 ikiitwa Kenya Breweries, ikatwaa ligi 1972, na jina la Tusker ikalichukua 1999. Chemelil, Mumias na Nzoia zilikuwa timu za viwanda vya sukari. Oserian ya shamba la maua kule Naivasha ilikuwa bingwa wa Kenya mara mbili mfululizo, 2001 na 2002. Maua, mjukuu! Mimi ni mtu wa vyuma, iliniuma kidogo.

Sasa tuje kwenye mwaka. Mwenyekiti na kocha huenda wote wanasema kweli, kwa sababu timu ya kiwanda huzaliwa zaidi ya mara moja. Kuna siku karakana ilipowapa changamoto watu wa ofisi saa ya chakula, wakacheza na viatu vya kazi. Kuna siku kampuni ilipotoa jezi. Na kuna siku kampuni ilipojitoa, vijana wakabaki na jina. Hata vilabu vikubwa vimelazimika kuchagua. Manchester United ilianzishwa 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath. Jina la sasa lilikuja 1902, lakini wao huhesabu tangu 1878. West Ham ilianza 1895 kama timu ya Thames Ironworks, kampuni ya kuunda meli London. Mwaka 1900 timu ile ikavunjwa na West Ham United ikaundwa, lakini nao huhesabu tangu 1895, na zile nyundo mbili kwenye nembo ni za waunda meli hao. Na Arsenal, ambayo unaiona imechorwa kwenye matatu za Eastlands, ilianzishwa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Mzinga ule kwenye nembo haukuwekwa kwa urembo.

Kwa hiyo kuhesabu tangu enzi za kiwanda si kosa. Kosa ni kuhesabu bila karatasi.

Usikimbilie kwanza cheti cha usajili. Timu nyingi za kampuni zilikuwa tawi tu la idara ya ustawi wa wafanyakazi. Sheria ya Michezo ya 2013 ndiyo iliyoleta Msajili wa Michezo, kwa hiyo cheti chake hakitakwambia lolote kuhusu enzi za babu yako. Anza nyumbani. Muulize bibi, kama yupo, ule mfuko wa nailoni wenye karatasi za mzee: barua ya ajira, barua ya kupigwa kalamu, kadi ya NSSF. NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, ulianza 1965, na rekodi za michango huwa na jina la mwajiri. Ukikuta babu aliajiriwa 1971, basi picha yako si ya 1968, hata mwenyekiti aape vipi. Haitakwambia timu ilianza lini, lakini itakufungia mlango mmoja.

Ukimaliza hapo, nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, uombe magazeti ya zamani. Pekua ya Jumatatu. Beba subira, maana timu za daraja la chini zilipewa mstari mmoja, na siku nyingine hazikupewa hata huo.

Wachezaji wa zamani waulize mwisho. Nawapenda, lakini kila mmoja alifunga bao la ushindi. Mama wa chai ni shahidi bora: anajua nani aliajiriwa kabla ya nani, na nani alikunywa chai ya nani.

Kiwanda chetu kilipofungwa, miaka ya tisini, karatasi zilichomwa nyuma ya boila siku mbili mfululizo. Nilitoka na kitabu kimoja cha stoo ndani ya koti. Kilikuwa mali ya kampuni, najua. Ila ndicho pekee kinachoonyesha siku jezi za kwanza zilipotoka, na siku hiyo iko miaka mitatu baada ya mwaka ambao timu yetu yote iliuapia.

Tumalizie na glavu za babu yako, maana ndizo zilizonifanya nichague barua yako. Glavu za kipa hazifiki huko juu. Hizo ni za ngozi, za wachomeleaji. Kipa wetu alikuwa akiziazima kila mvua iliponyesha, kwa kuwa mpira wa ngozi ukiloa unakuwa mzito kama gunia na unateleza kama sabuni. Jumatatu zilirudi zimekauka kama mbao, matope yameganda vidoleni, na nyapara wa karakana alinijia juu mbele ya watu. Mwishowe nikazifungulia mstari wake kitabuni: "Glavu za kuchomelea, jozi 1, mpira."

Kwa hiyo kiwanda cha babu yako kilikuwa na karakana, na mtu wa karakana alimwazima. Tafuta wachomeleaji wa zamani kabla ya kutafuta mabeki. Na hiyo picha igeuze. Studio nyingi za mjini zilipiga mhuri nyuma. Ukikuta tarehe, iandike hiyo kwenye nembo, na mwenyekiti akikataa mwambie alete ya 1968. Yupo mzee mahali fulani ambaye bado anazidai glavu zake.