Abiria wanapungua, jengo linapanuliwa?
Unauliza kwa nini wasimamizi wa uwanja wa ndege wapanue jengo la abiria wakati abiria wenyewe wanapungua. Sababu inaweza kuwepo: ukubwa wa jengo hupimwa kwa saa yenye msongamano zaidi, si kwa jumla ya mwaka. Ndege tatu zikipangwa kuondoka pamoja asubuhi, foleni ya ukaguzi inafika mlangoni hata kama mchana kutwa hakuna mtu. Ila kwanza wajaribu kusogeza ratiba, ni nafuu kuliko zege! Na wakidai jengo jipya litavuta mashirika ya ndege, waulize ni lipi limeshasaini mkataba. Uwanja wa ndege wa Mirabel, Montreal, Kanada, ulifunguliwa 1975 kwa matarajio makubwa. Safari za abiria zikakoma 2004, jengo likaja kubomolewa.