Masika Misali: kwa anayekwenda kulinda kisiwa kwa mara ya kwanza

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kulegea mwezi wa Machi, vijana wawili watatu hunijia na suali moja: wafungashe nini wanapokwenda Misali kuanza kazi ya ulinzi wa hifadhi. Hutarajia niwatajie viatu, chandarua na koti la mvua. Vitu hivyo nitavitaja, lakini kwanza huwataka waujue msimu wanaouendea, kwa sababu mlinzi asiyeujua msimu anaweza kukizunguka kisiwa kizima na kurudi na daftari tupu, hali ya kuwa kila alama aliyoitafuta ilikuwepo alfajiri na ikafutika kabla hajaamka.

Misali ni kisiwa kidogo kilichopo magharibi ya Pemba, na ukubwa wake haufiki kilomita moja ya mraba. Kimekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1998, na mwaka 2005 kikaingizwa ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Wazee husimulia kwamba Nabii Hidhiri alifika hapo akaomba msala apate kusali, na alipoukosa akasema kwamba kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Kisa hiki usikichukue kuwa ni cha kuwafurahishia wageni tu. Utakihitaji siku utakapoketi na wavuvi, na nitafika huko.

Miezi unayoiendea ni ya tangambili: kaskazi inakufa, kusi bado haijashika, na mvua za masika zinaingia katikati. Wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga, na watu wengi hudhani kwamba kazi nayo imepungua. Kwangu mimi hiyo ndiyo miezi mizito kuliko yote, kwa kuwa kuna viumbe wanaoondoka na kuna wanaofika, na wote hupita juu ya mchanga ule ule unaokanyagwa na wewe.

Nianze na wanaoondoka. Sululu na vitwitwi unaowaona kwenye fungu la mchanga mwezi wa Aprili wanajiandaa kwa safari ya kurudi kaskazini ya mbali, wengine hadi Urusi, kunakoyeyuka theluji wakati huku kwetu inanyesha mvua, na huko ndiko wanakotaga. Yupo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mzito wa kuvunjia kaa, ambaye huenda kuzalia kwenye mashimo anayoyachimba katika fukwe za Arabuni, akielekea kule kule yalikokuwa yakirudi majahazi ya zamani msimu wa kusi ulipofika. Ndege hawa wote husafiri kwa mafuta waliyojiwekea mwilini. Kila unapowarusha bila sababu, wanatumia sehemu ya akiba ile, na muda wa kuirudisha ni mfupi. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, hujazana juu ya kipande kidogo cha mchanga kilichobaki. Hapo ndipo pa kuwahesabia, na hapo ndipo usipopita. Zunguka kwa njia ya msituni, keti chini, uwahesabu kutoka mbali, na ukiwa na wageni waketi nawe.

Wachache hawatakwenda. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye ripoti kwamba sululu waliobakia mwezi wa Juni walikuwa wagonjwa, na mwenzangu mzoefu akanieleza kwamba wengi wao ni vijana wa mwaka wa kwanza, ambao hubaki huku hadi wakomae. Tangu siku hiyo ninaandika nilichokiona, na nilichokidhania ninakiweka ukurasa mwingine.

Sasa wanaofika. Kasa wa kijani, ambaye huku tunamwita kasa tu, hutaga katika pwani yetu karibu mwaka mzima, lakini miezi ya masika ni miongoni mwa miezi yao mikubwa, wakati ng'amba, aina nyingine ya kasa, ambao wengi hutaga baina ya Disemba na Aprili, wanamalizia zamu yao. Kwa hiyo utakuta nyayo za aina mbili, na ni lazima uweze kuzitofautisha. Kasa hujivuta kwa mapezi mawili ya mbele kwa pamoja, ndiyo maana alama za kulia na kushoto hulingana, na njia yake huwa na upana wa karibu mita moja. Ng'amba hupishanisha mapezi kama mtoto anayetambaa, na njia yake ni nyembamba zaidi. Tazama pia mchanga ulikosukumwa: hurundikana nyuma ya pezi, na hivyo utajua ipi ni njia ya kupanda na ipi ya kushuka.

Tatizo la masika ni kwamba maandishi haya hayadumu. Mvua moja ya nusu saa inatosha kuyafuta yote, na maji ya bamvua huyafuta ya chini hata pasipokuwa na mvua. Ukingoja kupambazuke upate kuona vizuri, umechelewa. Mimi huzunguka mara ya kwanza maji yanapoanza kutoa usiku, na mara ya pili kabla ya adhana ya alfajiri, na mawingu yakianza kujikusanya upande wa mkondo sisubiri saa ifike.

Kuhusu taa nitaeleza kosa langu mwenyewe, kwa sababu sitaki mtu mwengine alirudie. Usiku mmoja wa Aprili, mvua ikiwa nyepesi, nilisikia kitu kizito kikijiburura, pumzi ikitoka kwa nguvu kisha kimya, kisha tena. Nikawasha kurunzi. Kasa alikuwa hatua kama kumi mbele yangu, gamba lake likimeremeta kwa maji, ameinua kichwa, na machozi mazito ya chumvi yamemganda chini ya macho pamoja na punje za mchanga. Alisimama kwa muda nilioona mrefu sana, kisha akageuka na kurudi baharini bila kutaga hata yai moja. Asubuhi mwenzangu aliifuata njia ile, ikiwa imepanda moja kwa moja kisha imejipinda kama upinde, akaweka kidole penye mpindo na kuniuliza kwa upole, "Hapa ndipo ulipowasha?" Sikuwa na la kujibu. Basi funika kioo cha kurunzi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, uiwashe ukielekeza chini, na kasa akiwa bado anapanda au anachimba usiwashe kabisa. Akishaanza kutaga hutulia, na hapo unaweza kumkaribia kwa nyuma, mtu mmoja tu, kimya.

Kiota kina mayai yapatayo mia moja, wakati mwingine zaidi, na hukaa chini kwa takriban miezi miwili. Kishawishi kikubwa cha mlinzi mpya ni kutaka kukisaidia. Atakiona kiota kipo chini ya mstari wa takataka ulioachwa na bamvua, atahofia kifurikwe na maji, naye atachukua ndoo. Nakuomba sana usihamishe kiota kwa uamuzi wako peke yako. Uhamisho una wakati wake, nao ni saa chache tu baada ya mayai kutagwa, kwani baadaye kiinitete hujishikiza juu ndani ya ganda, na yai likigeuzwa hufa. Yai hubebwa likiwa vile vile lilivyolala, upande wake wa juu ukibaki juu, na shimo jipya huchimbwa kwa kina kile kile cha lile la mwanzo. Tena mahali pake si popote tu, kwa kuwa joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya watoto. Karibu na nyuzi 29 hutoka mchanganyiko, kukiwa na joto zaidi majike huzidi, na kukipoa madume huzidi. Mchanga wa masika uliopozwa na mvua una faida yake, nawe ukikichukua kiota chenye kivuli ukakiweka penye jua kali utakuwa umekibadilisha bila kukusudia.

Jambo jengine ni alama. Usichomeke kijiti juu ya kiota, kwa kuwa anayetafuta mayai anajua kusoma kijiti kuliko wewe. Chagua miti miwili isiyohamishika, pima kutoka kila mmoja kwa hatua au kwa futi ya kamba, kisha uandike vipimo hivyo kwenye daftari tu.

Wavuvi wa dago, yaani wanaopiga kambi kisiwani, huja na chakula chao na maji yao, wakalala siku kadhaa, na wengi wao wanaijua bahari ile tangu hujazaliwa. Ukiwafikia na sare yako na kuanza kwa kuwakataza, watakuitikia "sawa" na hutapata tena habari yoyote kutoka kwao. Amkia, kaa, kunywa chai ukikaribishwa, uliza samaki wamepatikanaje. Habari ya juya, wavu wa kukokota, lililovutwa usiku upande uliofungwa kwa uvuvi niliipata kwenye chai ya namna hiyo. Na hapo ndipo kisa cha msala kinapopata kazi, kwa sababu kwa wazee wale suala la binadamu kuwa khalifa, yaani mwangalizi aliyewekwa na Mungu katika ardhi, wamekua nalo tangu chuo cha Kurani, na wanalipima kwa vitendo vyako kabla ya maneno yako.

Yupo mzee mmoja niliyemwendea baada ya kukuta kiota kimefukuliwa. Nilimwambia, "Baba, upande wa mbuyuni kiota kimechukuliwa chote." Hakuniuliza nani wala hakuapa kwamba si watu wake. Alinyamaza, akaendelea kushona wavu, kisha akasema, "Leo nitalala upande ule mimi mwenyewe, mwanangu." Alilala huko usiku saba, na msimu ule hatukupoteza kiota kingine.

Ukizungumza na familia, ieleze pia hatari ya nyama. Mwezi wa Machi 2024 huko Kisiwa Panza watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na hakuna dalili ya nje inayomtambulisha kasa mwenye sumu. Lieleze jambo hili kwa staha, kama anayezungumza na waliofiwa, kwa kuwa Pemba ni ndogo na huenda unaongea na jamaa zao.

Vitu vya kufungasha ni vichache. Chukua penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu wino huyeyuka ukilowa, na daftari ulifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Koti la mvua liwe la rangi ya giza. Viatu viwe vinavyokauka upesi, kwa kuwa mawe ya matumbawe hukata na kidonda hakiponi katika unyevu ule. Maji ya kunywa chukua ya siku mbili zaidi ya unazokusudia kukaa, maana kisiwani utayategemea yaliyobebwa kutoka Pemba, na kusi ikishika ghafla boti ya Wesha, bandari ya Pemba, haitakuja. Nahodha akikwambia leo hatuvuki, usibishane naye.

Mwisho ni kuhusu zamu. Kiota kilichotagwa tarehe 20 Aprili kitafunguka kiasi cha katikati ya Juni, wakati wewe umeshapokewa na mwenzako, ambaye hakuwepo usiku ule na hakuuona mti uliopimia. Mpeleke kwa miguu penye kila kiota kabla hujapanda boti, mkipima pamoja upya, na pale ambapo mti mmoja umeanguka kwa mvua chagueni mwengine mkaandike tarehe mliyoubadilisha.