Kabla ya kukata tiketi ya sikukuu, uliza maji yanajaa saa ngapi

Chuo chetu hapa Malindi kina wanafunzi wasiofika mia tatu, na kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, mlango wangu hugongwa na vijana wenye swali moja: "Mwalimu, basi la saa ngapi ni zuri?" Mimi huwajibu kwa swali: "Kwenu maji yanajaa saa ngapi?" Wale wanaotoka Mambrui na Marafa hucheka, kwa kuwa wao wakipanda matatu wanafika mlangoni kwao. Wa Faza, Siyu na Kizingitini, kule kisiwani Pate, hawacheki, ila wengi wao hukiri kwamba hawajui, jambo ambalo hunishangaza kwa watoto waliozaliwa visiwani.

Nami sikujua nilipokuwa na umri wao. Nilisoma katika chuo kidogo papa hapa Malindi, wakati barabara ya kutoka Garsen hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, ilikuwa bado ya vumbi, na mwaka wangu wa kwanza nilifunga safari ya kwenda Faza siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, nikiamini kwamba mradi nimetoka asubuhi nitafuturu kwa mama. Basi liliondoka saa mbili, likapata pancha mbele ya Witu, likafika Mokowe saa kumi kasorobo. Nilipovuka hadi gati la Lamu, mashua za Faza zilizoondoka na maji zilikuwa zimekwenda zamani, ikabaki moja tu ambayo nahodha wake alitaka abiria zaidi na magunia zaidi, akatuweka pale hadi saa kumi na mbili. Tulifuturu chomboni kwa tende za bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia la mchele, na ni yeye aliyeuona mwezi kwanza, mwembamba kama ukucha, ukishuka upande wa bara. Tulipiga takbira kwa furaha. Nusu saa baadaye mtambo ukazimika, na hadi ulipowaka tena maji yalikuwa yamekwisha kutukimbia. Tulipoingia Mkanda, ule mkondo mwembamba upitao kati ya Manda na bara, chombo kikapanda fungu la mchanga. Mabaharia walisukuma kwa pondo mpaka mmoja ukavunjika, kisha nahodha akakaa kitako akasema, "Tulieni, wanangu. Ni mpaka saa nane." Tukalala pale katikati ya mikoko, kwenye mbu na harufu ya tope, na kweli ilikuwa saa nane na nusu usiku ndipo tulipohisi chombo kikitikisika.

Nilifika nyumbani kabla ya alfajiri, na mtu wa mbali angesema sikukosa kitu, kwa sababu Idd yenyewe ilikuwa haijaingia mchana. Lakini kwetu sikukuu ya wanawake ni ule usiku wa kuamkia Idd. Ndio usiku wa kutiana hina, wa kukanda unga wa mahamri, wa kupasha pasi kanzu za kaka zetu huku vyombo vya watu vikipita mlango hadi mlango na vileja na visheti. Dada zangu walikuwa wamelala na mikono yao imefungwa vitambaa, bakuli la hina limekauka dirishani, na mimi nilikula pilau ya Idd nikiwa na viganja vyeupe. Kwa hiyo nisemapo mtu asafiri mapema, sisemi awahi swala ya Idd. Nasema awe nyumbani angalau usiku mmoja kamili kabla yake.

Jambo ambalo lingeniokoa siku ile kila mvuvi analijua. Idd ya Mfungo Mosi, yaani Idd-ul-Fitr, hufuata mwezi mpya, na mwezi mpya huja na bamvua, yaani maji makubwa. Maji ya bamvua pwani yetu hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na nusu, alfajiri na jioni, na hukupwa sana kwenye saa nne na saa tano, kiasi cha kuacha mafungu wazi. Maana yake ni kwamba siku zinazoikaribia Idd hiyo, mwaka wowote, iwe Machi au Juni, chombo cha kupita Mkanda kinatakiwa kiondoke Lamu mchana maji yakiwa yanapanda, tuseme kati ya saa nane na saa kumi, wala si magharibi. Ukirudi nyuma kutoka hapo hesabu inajifanya yenyewe: kuwa Lamu saa saba, Mokowe saa sita, na kutoka Malindi alfajiri kwa basi la kwanza, ukiacha nafasi ya pancha na ya vizuizi vya polisi, ambavyo kuanzia Garsen kwenda mbele si vichache. Beba kitambulisho chako, na kama bado hujakipata, beba cha chuo pamoja na karatasi ya kuonyesha kwamba umekiomba. Idd ya Mfungo Tatu, yaani Idd-ul-Adha, ni nafuu zaidi, kwa kuwa huangukia siku ya kumi ya mwezi, maji yakiwa mafu au karibu na mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Hata hivyo mpigie simu mtu wa gatini kwenu umuulize. Usimuulize kondakta wa basi.

La pili ni ruhusa. Serikali hutoa siku moja ya mapumziko kwa Idd ya Mfungo Mosi, nayo hujulikana kwa hakika mwezi ukishaandama, na sote tunajua kwamba Pwani hii wako wanaofuata mwezi wa hapa na wako wanaofuata wa Makka, hata nyumba moja ikasherehekea siku mbili. Mkuu wa chuo asiyekuwa wa dini yetu hawezi kulaumiwa kwa kuchanganyikiwa. Andika barua wiki mbili kabla, taja tarehe zote mbili zinazowezekana, omba siku tatu badala ya moja, na eleza safari yako hatua kwa hatua pamoja na saa za maji. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi, na barua zinazokataliwa ni zile zinazosema "kwa sababu za kifamilia" pasipo zaidi. Msijitegemeze pia kwenye likizo ya Aprili. Mwaka 2024 Idd ilikuwa tarehe 10 Aprili, mwaka 2025 ikarudi hadi tarehe 31 Machi, na kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, itaingia Februari kabla muongo huu haujaisha, masomo yakiwa yamepamba moto.

Maulidi ya Lamu ni suala jingine. Mwaka 2025 Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, uliangukia Septemba kwa sehemu kubwa, na Maulidi si siku ya mapumziko katika kalenda ya serikali. Anayetaka kuhudhuria pale msikiti wa Riyadha, au kutazama mashindano ya punda na ya mashua, aombe Alhamisi na Ijumaa, na asidhani atapata mahali pa kulala akifika bila ya kuagiza. Wageni siku hizo hutoka hadi Tanzania na Uganda.

Kuhusu nauli sina mengi ya kusema: hupanda, kila mwaka, Idd na Desemba. Kata tiketi mapema. Lakini weka kando fedha ya kurudi, na ukisafiri msimu wa mvua ongeza fedha ya kukwama, kwani lami haizuii mto. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Tana yalikata barabara kule Gamba, na mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa na mia mbili tu mfukoni alishinda na njaa mpaka msafiri mwenzake alipomlipia.

Katika chuo kidogo hakuna anayeondoka bila kuonekana, na hilo ndilo linalofanya desturi zake ziwe tamu au ziwe chungu. Tunapokwenda Idd, wenzetu kutoka Turkana na Kitui hubaki bwenini kwenye vitanda vilivyozungukwa na magodoro matupu, nao ndio wanaotushikia zamu za maktaba na jikoni. Tulikubaliana zamani kwamba zamu hizo hulipwa: Pasaka na Desemba sisi ndio tunaobaki na kushika zao. Usisubiri mkuu wa chuo awapangie. Mfuate mwenzako mapema, mkubaliane, mwandike ubaoni mbele ya watu. Ukitaka kumchukua rafiki asiye Mwislamu aende nawe nyumbani, muulize mama yako kwanza kwa simu, si ukiwa umesimama naye barazani, kisha mweleze mgeni nguo, namna ya kuamkia wazee, na kwamba mchana wa Ramadhani hatalazimishwa kufunga ila ataonyeshwa faragha pa kulia.

Na msirudi mikono mitupu. Mwaka ule wa Mkanda nilirudi Malindi na kopo la maziwa ya unga ambalo mama alilijaza vileja, akalifunga kwa kitambaa kisha kwa kamba ya nyavu, akaniambia niwape waliobaki. Nililiweka kwenye dirisha la jiko la chuo bila kusema neno, na hadi jioni lilikuwa tupu, limeoshwa, limeanikwa. Desemba iliyofuata, mimi nikiwa nimebaki zamu, msichana wa Kitui alirudi na kopo lile lile, ndani limejaa asali.