KONA YA NYUMBA: Wapangaji wetu wote ni wazee, tunakarabati vipi?

SWALI
Shikamoo mjomba. Nakuandikia toka Kihesa hapa Iringa. Marehemu baba alituachia jengo la ghorofa moja la miaka ya sabini, wapangaji karibu wote ni wastaafu, walimu, manesi na wajane, kila mtu ana chumba chake na jiko lake dogo, anajipikia anajifulia, hakuna wa kumhudumia na wala hawataki. Sasa jengo limechoka, paa linavuja, ukuta wa ngazi una ufa, vyoo vya kuchuchumaa. Kaka zangu wanataka tuwatoe wote, tupige jipsamu na taili, madirisha ya aluminiamu, afu zile jiko zao tuzing'oe tuweke jiko moja kubwa na mpishi. Mi roho inasita. Tuanzie wapi?
Binti Mwenye Nyumba

JIBU
Marahaba binti yangu, kamwene. Hao kaka zako wanajenga gesti, hawakarabati nyumba ya watu. Jiko msiling'oe hata moja! Mwalimu mstaafu anayeamka anachemsha chai yake na kujichambulia mboga yake bado ni mtu na nyumba yake, ukimletea mpishi ndani ya mwaka anakaa kitandani anasubiri sahani, na mpishi analipwa na nani, si itaingia kwenye kodi? Mnachotakiwa kufanya ni kushusha rafu ziwe kati ya kiuno na mabega asipande stuli, na wenye gesi watumie mtungi wa kilo 6 maana ule wa 15 bibi haubebi.

Hela ya kwanza iende chooni. Weka choo cha kukaa, kimo sentimita 45 hadi 48, chini ya hapo magoti yanagoma kunyanyuka. Pembeni weka bomba la chuma la inchi moja la kushikilia, na hapa msimamie fundi kwa macho yako, maana hizi tofali zetu za kuchoma haziaminiki, akipiga fisha (ile plastiki ya kushikia skrubu ukutani) na skrubu basi siku bibi anateleza anaondoka na bomba lake mkononi. Atoboe ukuta mpaka upande wa pili, apitishe bolti, nyuma aweke kipande cha bamba la chuma. Mlango ufungukie nje, mzee akiangukia ndani ya choo mlango wa kusukuma unazuiwa na mwili wake mwenyewe na hamuwezi kumfikia. Taili ziwe za kukwaruza, zile zinazong'aa waachie kaka zako sebuleni kwao.

Ngazi: mkono wa kushika pande zote mbili, mbao za Mafinga zinatosha kabisa, ukingo wa kila kidato upakwe rangi ya njano, swichi ya taa iwe chini na juu. Mkitaka mteremko wa kigari cha asiyeweza kutembea, kila sentimita moja ya kupanda inataka 12 za urefu, yani kizingiti cha sentimita 50 kinakula mita 6 nzima, kwahiyo pimeni uwanja kwanza. Ule ufa msiuzibe kwanza. Gundisha kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji, andika tarehe, kikipasuka jua ukuta bado unatembea, hapo mwite injinia, siyo mpiga rangi.

Paa nalo, we umesema linavuja hujasema ni la nini. Kama ni bati sawa. Kama ni zile shiti za kijivu mfano wa saruji, ambazo majengo ya umri huo yanazo sana, inaweza kuwa asbesto, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu, mtu asizikate na grainda wala kuzivunja vunja, ulizeni kwanza NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa. Kazi ya paa iwe baada ya mvua, Mei mpaka Oktoba, ila Juni na Julai baridi yetu mnaijua, msimwache mzee chini ya turubai.

Baridi hiyohiyo ndo inafanya niyaogope madirisha ya aluminiamu. Wazee wanaota jiko la mkaa chumbani, sasa hivi hewa inapita kwenye nyufa za mbao, mkishaziba kila kitu ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu usingizini. Acheni matundu ya hewa juu ya dirisha yasiyofungika, na mkaa ubaki nje. Na mkiweka heta ya maji bafuni, ile ya kilowati 5.5 inavuta kama ampea 24, isiungwe kwenye waya wa taa, inataka waya wake mnene na ethi, ule waya wa kushusha ardhini umeme unaovuja.

Kuwatoa wote sikubali. Chumba kikibaki wazi kikarabatini, mzee wa chumba jirani ahamie humo, chake kifuate, hivyohivyo mpaka mwisho. Wenye magoti mabovu walioko juu waulizwe kama wanataka kushuka, waulizwe lakini, wengine wanaipenda juu kwa ajili ya jua la asubuhi. Mkigusa kuta pitieni manispaa mpate kibali.

Nitumie picha ya ule ufa na ya paa kwa karibu kabla fundi hajapanda.