Inteki ya hewa baridi Arusha na Moshi: ogopa vumbi na maji, baridi haina neno

Inteki ya hewa baridi ni bomba na filta ya wazi vinavyochukua nafasi ya boksi la filta la kiwandani, ili injini ivute hewa isiyo na joto la boneti. Swali linaloulizwa zaidi na wanaotaka kuifunga Arusha ni kuhusu Juni na Julai: gari halitasumbua kuwaka asubuhi? Halitasumbua. Gari lenye sensa ya hewa hupima joto la hewa inayoingia, na kompyuta huongeza petroli kadiri inavyohitajika. Baridi ya Njiro saa kumi na mbili asubuhi si kitu kwa injini iliyoundwa kuwaka kwenye theluji ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Miezi ya kuogopa ni ya vumbi na ya masika, na hiyo ndiyo itakayoamua kama bomba hilo likae kwenye gari mwaka mzima au lihame.

Kwanza hesabu, maana matarajio ya watu kuhusu nguvu ni makubwa. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Moshi, iliyo chini zaidi, hupoteza karibu asilimia 10. Injini isiyo na tabo (feni inayosukumia hewa ndani ya injini) hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hakuna bomba la alumini litakalozirudisha zote. Hewa ikipoa kwa nyuzi 3 huwa nzito zaidi kwa takriban asilimia 1. Inteki inayovuta hewa yenye nyuzi 15 pungufu ya ile ya chini ya boneti huleta basi asilimia 5 ya hewa. Ila boksi la kiwandani kwenye magari mengi tayari huvuta hewa ya mbele, karibu na ukingo wa juu wa rejeta, kwa hiyo faida halisi huwa ndogo kuliko hapo. Utakachokipata kwa uhakika ni sauti.

Kabla ya kulipia kiti (seti ya bomba, filta na hosi) yoyote, chukua vernia upime kipenyo cha ndani pale sensa ya hewa inapokaa kwenye boksi lako, kisha upime pale itakapokaa kwenye bomba jipya. Hapa ndipo mabomba ya bei rahisi yanapoharibu kazi. Sensa haijui ukubwa wa bomba. Inajua tu kasi ya hewa inayopita mbele yake. Ukiihamisha kutoka milimita 70 kwenda 76, eneo limeongezeka kwa karibu asilimia 18, hewa inapita taratibu zaidi, na sensa inaripoti hewa pungufu kwa takriban asilimia 15. Petroli inayokuja ni ya hewa hiyo pungufu. Ukiendesha polepole, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi husahihisha. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho kupanda kutoka Moshi kwenda Marangu, kompyuta huacha kuisikiliza, na injini inachoma ikiwa na petroli kidogo na joto jingi. Ndiyo maana taa ya injini huwaka na kodi P0171 (namba ya hitilafu yenye maana kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa) siku chache baada ya kufunga.

Wakati wa kufunga, mshale wa sensa uelekee injini. Hosi ya kupumulia ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) irudi kwenye bomba baada ya sensa. Ukiiachia ivute hewa kupitia kifilta kidogo cha urembo, injini inapata hewa isiyopimwa na sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inayumba. Klipu zikazwe mpaka hosi ya silikoni ibonyee kidogo, basi. Bomba lisiguse bodi wala betri, maana mtikisiko wa barabara zetu utalitoboa.

Kama una kifaa cha kusomea kompyuta, andika namba za marekebisho ya petroli kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Marekebisho ya muda mrefu yakibaki ndani ya asilimia 5 juu au chini, uko salama; yakipita asilimia 10 juu, tafuta sehemu inayovuja au rudisha boksi. Soma pia joto la hewa inayoingia ukiwa kwenye mwendo wa 60 au 80, tuseme kwenye baipasi. Likizidi la nje kwa nyuzi 5 hadi 10, kazi ni nzuri. Likizidi kwa 25, filta yako inanusa injini, na umelipia kupunguza nguvu.

Sasa vumbi. La huku ni la udongo wa volkano, jembamba, linaloelea muda mrefu baada ya gari kupita. Anayeshinda Oldonyo Sambu, Muriet au kwenye njia za pembeni za Simanjiro analijua. Filta ya pamba iliyopakwa oili hupitisha hewa vizuri, lakini kwa vumbi la namna hii kwa kawaida huzidiwa na karatasi nzuri ya kiwandani. Vumbi linalopenya ni mchanga unaosaga ringi na kuta za silinda, na kwenye Subaru yenye tabo linaanza kwa kula mapanga ya tabo. Kwa hiyo chagua filta kavu ya nyuzi za sintetiki, uivalishe soksi, kile kitambaa cha kufunika filta kwa nje. Kila mwezi wa kiangazi fungua hosi, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba upande wa injini. Kikitoka na unga wa kahawia, filta inapitisha au shingo yake haijakaa sawa. Hapo usijadiliane na mtu, rudisha boksi la zamani.

Muda wa kuosha ulioandikwa kwenye pakiti ni wa barabara za lami za kwao, si wa vumbi letu. Ila usiigeuze kuosha kuwa tabia ya kila Jumamosi: filta yenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko iliyotoka kuoshwa. Soksi ioshe mara nyingi upendavyo. Filta yenyewe iguse pale waya wake unapoanza kufunikwa. Tumia dawa yake au sabuni laini, iache ilowe dakika 10, suuza kwa maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje, ikauke kivulini hadi ndani ya mikunjo. Upepo wa kompresa huipasua, na petroli hula gundi. Kama ni ya oili, paka mstari mmoja mwembamba juu ya kila mkunjo, subiri dakika 20, gusia palipobaki peupe. Oili ikizidi huruka hadi kwenye sensa ya hewa, gari likaanza kukosa nguvu. Sensa hiyo husafishwa kwa spreyi yake maalumu tu. Usiiguse kwa pamba wala mswaki.

Masika ni jambo la kimo. Kiti nyingi huteremsha filta nyuma ya bampa au ndani ya madigadi, chini kabisa. Soksi huzuia matone. Ikizama haizuii kitu. Maji hayagandamiziki: yakiingia silinda, pistoni inagota na konrodi, fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Bomba lako likiwa la vipande viwili, kuanzia Machi hadi Mei toa kile cha chini na uifunge filta kwenye cha juu, ndani ya boneti. Utavuta hewa ya moto, lakini dimbwi halitakufikia. Kuna pia vali ya mpira inayofungwa juu ya bomba ili injini ivute hewa kwingine filta ikizama. Hiyo haifai kwenye gari la tabo.

Gari likizimika ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Livutwe nje, fungua bomba. Ukikuta maji, toa plagi zote, chomoa soketi za koili na nozeli (vinyunyizio vya petroli), kisha piga stata sekunde chache maji yatoke kwenye matundu ya plagi, watu wakae mbali. Angalia stiki ya oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, badilisha oili na filta yake kabla ya kuwasha. Likiwaka na kugonga, konrodi imeshapinda.

Boksi la kiwandani lifunge kwenye mfuko pamoja na bolti na hosi zake zote. Kulipata jingine zima la Altezza au Mark X kwenye maduka ya spea za mtumba ni kazi, na kipande kinachokosekana mara nyingi ni kile kibomba cha mbele kinachovutia hewa, ambacho mafundi wengi hukitupa siku ileile.