Waridi la kutambaa: funga waya kabla ya kupanda

Pita mitaa ya Arusha, Limuru au Lushoto, utaliona mara nyingi: waridi la kutambaa limepandwa chini ya ukuta, fito zimekwenda wima mpaka kwenye mabati, maua yote yamejaa huko juu, na chini imebaki miiba mitupu. Mwenye nyumba hudhani mbolea haitoshi. Huongeza, na waridi huzidi kurefuka. Dawa yake ni kulilaza. Ufito uliolazwa kando huchanua kwa urefu wake wote. Uliosimama huchanua nchani tu.

Sababu yake inajulikana vizuri. Kichipukizi cha nchani hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka ndani ya shina na kuyazuia macho ya chini, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye shina, yasiamke. Ufito ukiinamishwa hadi ukakaribia usawa wa ardhi, kizuizi hicho hulegea. Macho mengi ya upande wa juu huamka, na kila moja hutoa tawi fupi la sentimita 15 hadi 30 lenye maua nchani.

Sasa, waridi haliwezi kujilaza wala kujishika lenyewe. Pasheni ina vikono, maharage huuzunguka mti kwa shina lake, lakini waridi lina miiba tu, ambayo porini hulisaidia kujikwaza kwenye matawi ya miti mingine. Ukutani hakuna cha kujikwazia. Kwa hiyo tegemeo liwe tayari kabla mche haujaingia shimoni. Kutoboa ukuta juu ya kichaka cha miiba ni mateso, na machipukizi bora ndiyo huvunjika kwanza.

Kwa ukuta, tumia waya wa zinki usioshika kutu, unene wa milimita 2 hadi 2.5. Mstari wa kwanza uwe sentimita 45 kutoka ardhini, na inayofuata iachane kwa sentimita 35. Mistari sita inakufikisha mita 2.2, urefu ambao mtu bado anaufikia akiwa na kiti tu. Kila baada ya mita 1.8 weka skrubu yenye jicho, ikae kwenye plagi ya plastiki ndani ya tundu la milimita 8. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma zimejengwa kwa udongo badala ya saruji; hapo toboa kwenye tofali lenyewe, si kwenye kiungo. Ukuta wa tofali mbichi usiutegemee kabisa, simamisha nguzo mbele yake.

Waya ukae mbali na ukuta kwa sentimita 5 hadi 8. Watu huruka hatua hii kwa sababu waya ulioshikana na ukuta unapendeza zaidi kabla ya kupanda. Nafasi hiyo hupitisha hewa nyuma ya majani, na hupitisha mkono wako siku ya kufunga. Kaza waya mpaka ulie ukiugonga kwa kidole, maana uliolegea huyumba kwa upepo na miiba huchubua fito jirani.

Usizipenyeze fito ndani ya wavu au nyuma ya waya. Leo ni nyembamba na zinapita bila taabu. Baada ya miaka miwili zimenenepa, zimekabwa, na huwezi kuzitoa bila kukata wavu. Fito zote zikae mbele, zimefungwa.

Ukitaka nguzo, mkaratusi usiotiwa dawa utaliwa na mchwa pale pale usawa wa ardhi, na waridi kubwa lililoloa mvua ni zito kweli kweli. Bomba la chuma la inchi 2, lililozama sentimita 60 kwenye zege, ni gharama ya mara moja. Kwenye nguzo moja iliyosimama peke yake, zungusha fito kwa mteremko wa polepole badala ya kuzipandisha moja kwa moja. Kuzungusha huko ndiko kuzilaza.

Kabla ya shimo, neno kuhusu mche. Mawaridi yanayouzwa kwa mashada, yale ya mashamba ya Naivasha, ni ya kichaka. Yamechaguliwa kwa shina lililonyooka la kwenda sokoni. Ukikata kipandikizi cha shada ukakipanda ukutani, hata kikishika hakitatambaa. Uliza hasa waridi la kutambaa, na kati ya hayo chagua linalorudia kuchanua. 'New Dawn', lenye rangi ya waridi hafifu, lililotoka Marekani mwaka 1930, na 'Iceberg' jeupe la kutambaa ni chaguo zuri kwa nyanda za juu. Yapo mengine marefu sana yanayochanua mara moja tu kwa mwaka. Mengi ya hayo yanapenda kipindi cha baridi kali, na kwenye uwanja mdogo hayalipi nafasi yake. Pwani, kwenye joto na unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam, ukuta wako utapendeza zaidi kwa asumini au bogenivilia.

Shimo liwe sentimita 50 kila upande, na umbali kutoka ukutani usipungue 45. Kama paa limetokeza sana, toka nje ya mstari wa matone, kwa sababu chini ya paa mvua haifiki na mizizi hukauka hata wakati wa masika. Ondoa vifusi vya ujenzi. Chokaa na saruji huufanya udongo ushikilie madini ya chuma, na utaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, inua tuta la sentimita 25. Mche ulale kidogo kuelekea ukutani, na fundo la kubebeshea, yaani uvimbe pale waridi lilipounganishwa na mizizi ya waridi jingine, libaki juu ya udongo ili ulione siku zote. Mche na mche viachane mita 2.5 hadi 3. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua ukuta unaotazama mashariki: jua la asubuhi hukausha umande mapema. Kiangazi, lita 15 hadi 20 mara mbili kwa wiki, chini kwenye shina, si juu ya majani.

Miaka miwili ya kwanza usipogoe, toa tu kilichokufa. Baadhi ya mawaridi haya ni ya kichaka yaliyogeuka ya kutambaa, na yakikatwa sana mapema huweza kurudi kuwa kichaka. Kazi ya miaka hiyo ni kuinamisha.

Subiri ufito ufike sentimita 60 hadi 90. Chipukizi changa jekundu linalotoka chini ni tete mno pale linapoungana na shina, likiguswa vibaya hubanduka lote. Likishakomaa kidogo lakini bado la kijani, lishike kwa mikono miwili, mmoja karibu na shina na mwingine katikati, ulipinde kwa tao refu. Usilimalize siku moja. Lifunge kwa mshazari, rudi baada ya wiki mbili uliteremshe, rudi tena, mpaka liwe limelala karibu na waya. Ufito mnene wa kahawia umeshachelewa. Uache ulipo, ufanye kazi na wadogo zake. Zitandaze fito tano hadi saba pande zote mbili, zikiachana angalau sentimita 20. Ncha isiinamie chini kuliko katikati ya ufito: ikiinama, nguvu yote hukimbilia kwenye kilele cha tao na kutoa fimbo moja ndefu ya wima, nawe umerudi ulipoanzia.

Funga kwa kamba ya katani au vipande vya tyubu ya baiskeli vyenye upana wa sentimita 1. Kamba ipite kwa umbo la namba nane, ikatize kati ya waya na ufito, na kidole kiweze kupita ndani ya kitanzi. Waya mtupu hukata gamba. Kagua vifungo vyote kila miezi sita. Na vaa glavu za ngozi, za kitambaa hazisaidii.

Kuanzia mwaka wa tatu, pogoa. Kwenye sehemu za mvua mbili napendelea Agosti, ili majani mapya yakomae kabla ya vuli. Ukipogoa mwishoni mwa Februari, majani machanga yatazaliwa ndani ya masika, na ugonjwa wa madoa meusi unataka jani liloe kwa saa saba hivi tu ili uanze. Njombe na Iringa ngoja baridi ya Juni na Julai ipite kabisa, kisha umwagilie mpaka mvua ifike. Matawi mafupi yaliyochanua yakate yabaki na macho mawili au matatu. Fito kuu usizifupishe, ila moja iliyozeeka, ya kijivu yenye gamba lililopasuka, ikate chini kabisa kila mwaka. Itoe vipande vipande. Ukiivuta nzima itaburuta na nyingine. Weka nusu debe la samadi na gramu 50 za mbolea ya NPK 17:17:17 kwa kuzunguka, sentimita 30 kutoka shinani. Maua huja baada ya wiki sita hadi nane. Urea nyingi hukupa majani laini na vidukari.

Ukuta una magonjwa yake. Unaotazama magharibi huoka majani, na utitiri mwekundu huja: majani hufifia, yana vitone vidogo, na chini yake kuna utando mwembamba. Puliza maji ya nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Ubwiri unga, ule weupe kwenye majani machanga, mara nyingi husema udongo umekauka na hewa nyuma ya fito imesimama.

Kosa linaloua mawaridi mengi polepole ni kulea chipukizi lisilo lake. Mche uliobebeshwa una mizizi ya waridi jingine, na mizizi hiyo ikichipua hutoa fimbo ndefu, laini, inayokua haraka kuliko zote, ambayo mtu huifunga kwenye waya kwa furaha. Kabla ya kufunga ufito mpya wowote, fukua kwa vidole uone unatoka wapi. Ukitoka juu ya fundo ni wako. Ukitoka chini yake, ufuate mpaka kwenye mzizi na uunyofoe kwa kuvuta kuelekea chini. Ukiukata kwa mkasi macho yaliyobaki chini yatatoa matatu mahali pake.